Sabufa na spika kuu kwenye ampu ya stirio isiyo na PRE OUT, naungaje?

Kimya_Kingi:

Wakuu habari zenu. Nina swali la sabufa, nimeuliza huku na huku kila mtu anasema lake.

Mziki wangu ni stirio ya kawaida, chaneli mbili tu, sina mpango na mambo ya sinema na spika tano tano. Ampu ni ya zamani kidogo, nzito, nyuma ina sehemu za spika A na B, ina matundu ya CD, TUNER, PHONO na REC OUT, ila haina PRE OUT wala tundu la sabufa. Spika ni ndogo za kukaa juu ya stendi, wufa ya inchi 5, omu 8 (ukinzani wake kwa umeme wa ampu), zina tundu la hewa nyuma, na kwenye karatasi yake wameandika masafa ya 55 Hz (mitetemo kwa sekunde) mpaka 20 kHz. Sauti ya mtu na gitaa zinaimba vizuri sana ila besi ya chini hamna, ndo nikachukua sabufa ya inchi 10 yenye ampu yake ndani. Nyuma ya sabufa kuna RCA mbili za kushoto na kulia, kuna tundu limeandikwa LFE (la besi ya sinema), alafu kuna sehemu za kubana waya za spika kushoto na kulia. Nobu ni tatu, ya sauti, ya krosova (inayoamua sabufa iishie masafa gani kwenda juu) kuanzia 40 mpaka 150 Hz, na ya fezi inayozunguka kutoka 0 mpaka 180.

Sasa kuna mtu kaniambia nichomeke RCA kwenye REC OUT, mwingine kasema hapana tumia waya za spika, wa tatu kasema nikitumia waya za spika omu zitashuka na ampu itaungua. Kwa sasa nimefunga sabufa kwenye B, nimewasha A na B pamoja, krosova nimeweka 120. Besi ipo nyingi tu lakini inavuma, noti zingine dirisha linatetemeka zingine hata huzisikii, na mwimbaji wa kiume ni kama anaimbia kwenye kona ilipo sabufa badala ya katikati. Chumba ni mita 5 kwa 4, spika ziko kwenye ukuta mmoja mfupi na kochi limegusa ukuta wa pili ukizitazama.

Tatizo ni nilivyounga au ni nilivyoset? Natanguliza shukrani.

---

Fundi_Solda:

Mkuu, REC OUT achana nayo kabisa. Ile inatoa sauti kabla haijafika kwenye nobu ya volyumu, iliwekwa kwa ajili ya kurekodia kaseti. Ukichomeka sabufa pale itapiga kiwango kilekile muda wote, unapunguza usiku spika zinanong'ona sabufa inagonga majirani, unaongeza mchana sabufa haisikiki. PRE OUT ndo inayofuata volyumu na wewe huna, kwahiyo njia ya waya za spika uliyotumia ndo yenyewe, na wala sio njia ya kimaskini. REL, kampuni ya sabufa, tangu 1990 wamejenga jina lao kwa kuunga hivohivo, waya wao una nyaya tatu tu, nyekundu kwenye chanya ya kulia, njano kwenye chanya ya kushoto na nyeusi kwenye hasi.

Hiyo hofu ya omu inatokana na kuchanganya vitu viwili. Sabufa isiyo na ampu ndani, ile koni na koili tu, ukiiunga sambamba na spika ya omu 8 na yenyewe ni 8 basi ampu inaona 4, hapo kweli unaweza kuichosha. Ya kwako ina ampu yake na inakula umeme wake ukutani, kwenye zile waya inaonja tu mawimbi, na upande wake wa kuingizia una maelfu ya omu. Piga hesabu, omu 8 sambamba na omu 10,000 inabaki 7.99. Ampu yako haijui hata kama kuna kitu kimeongezeka. Ndo maana pia huna haja ya waya mnene, waya wa kawaida mwembamba unatosha ilimradi nyuzi zisigusane.

Sasa hiyo B uwe nayo macho. Kuna ampu ukiwasha A na B kwa pamoja zinaunga kwa mfululizo sio sambamba, na ukiwa na sabufa ya maelfu ya omu kwenye mfululizo spika zako karibu zinanyamaza. Kwa kuwa zako zinaimba kama kawaida basi yako iko sambamba. Ila kwa amani ya moyo mi ningeziweka waya za sabufa palepale A pamoja na za spika.

Kitu kimoja cha hatari wengi hawasemi. Hizi ampu ndogo za Class D, zile za chipu kama TPA3116, hasi yake sio ethi, pande zote mbili zina mawimbi. Sabufa nyingi kwa ndani zimeunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, sasa ukizifunga zote umepiga shoti ampu. Kwa ampu za hivo nyeusi ya sabufa inaenda kwenye skrubu ya bodi ya ampu, na kwenye spika unachukua chanya tu. Yako ya zamani yenye transfoma nzito uwezekano mkubwa iko salama, lakini zima, chomoa ukutani, toa waya zote, alafu weka mita kati ya hasi ya kushoto na hasi ya kulia. Ikisoma karibu na sifuri zimeungana, endelea bila wasiwasi. Isiposoma hivo rudi hapa kabla hujawasha.

LFE usiiguse, kwenye sabufa nyingi tundu hilo linaruka nobu ya krosova, linasubiri ampu ya sinema iwe imeshachuja yenyewe.

---

Mama_Sahani:

Fundi kamaliza upande wa waya, mi niongezee kwenye hiyo 120 maana ndo inayokuletea mwimbaji kwenye kona.

Kwa ulivyounga, spika zako hakuna aliyeziambia ziache besi. Zinaendelea kuimba mpaka chini zinakoishia zenyewe, huko 55. Sabufa nayo umeiambia ianze 120 kushuka. Kwahiyo kati ya 55 na 120 spika na sabufa zote zinaimba noti zilezile, na zinajumlishana kwenye eneo lilelile linalofanya mziki uonekane mzito na mchafu. Na krosova sio ukuta, ukiweka 120 haimaanishi 130 haipiti, inapungua taratibu tu, na sauti ya mwanaume noti zake za chini ziko hapohapo kwenye 100 na kitu. Ndo hivo sabufa inamwimbisha mtu. Chini ya 80 hivi sikio linashindwa kujua besi inatoka upande gani, ndo maana THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, wakachagua 80, ila hiyo 80 ni kwa mfumo ambao spika kuu zimechujwa besi. Zako hazijachujwa, kwahiyo we shuka, anzia 50 panda polepole mpaka 60 na kidogo.

Namna ninavyofanya mimi, sabufa naizima kwanza nasikiliza spika peke yake nyimbo ambazo mpiga besi anatembea, anapanda na kushuka ngazi, sio zile za ngoma moja ya kick mwanzo mwisho. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni kama 41 Hz, hiyo spika zako haziwezi, ila sikio litasikia kivuli chake. Alafu nawasha sabufa nobu ya sauti ikiwa sifuri, krosova chini kabisa, naongeza sauti mpaka ile noti ya chini ianze kulingana na za juu yake, ndo nagusa krosova kuziba pengo likiwepo. Watu wengi wanaanza na sauti nusu na krosova juu alafu wanapunguza, sikio likishazoea besi nyingi halikubali tena kiasi cha kawaida. Na huo mseto wa sabufa na spika uupimie kwenye sauti unayosikilizia kila siku, maana ukipunguza volyumu sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za kati.

Na kama unatumia hiyo PHONO, siku ukiweka sahani angalia koni ya sabufa. Sahani iliyopinda inaisukuma mbele nyuma bila sauti yoyote, nguvu inaenda bure. Kama sabufa ina swichi ya kuchuja huko chini, iwashe.

---

Nyuzi_Mbili:

Mi naona mnamzungusha tu mkuu. Stirio ni spika mbili. Sabufa moja kwenye kona inaharibu kila kitu, auze zote anunue spika ndefu za sakafuni aachane na haya mahesabu.

---

Desibeli_Tatu:

@Nyuzi_Mbili, spika ndefu zinalazimika kusimama pale zinapopiga picha nzuri ya stirio, na pale mara nyingi sio pazuri kwa besi. Sabufa unaiweka popote chumba kinapotaka. Alafu kuna suala la koni, kila ukishuka oktava moja (masafa yakipungua nusu) kwa ukubwa uleule wa sauti koni inabidi itembee mara 4. Kutoka 80 kwenda 40 ni mara 4, kwenda 20 ni mara 16. Kikoni cha inchi 5 kikihangaika na 40 huku kinamwimbia mtu, huyo mtu anachafuka.

Kimya_Kingi, nobu ambayo hakuna aliyeigusa ni fezi, na ndo inayoamua kama spika na sabufa zinasukuma pamoja au moja inavuta mwenzake anasukuma. Wimbi la 60 Hz lina urefu wa kama mita 5.7, la 80 ni mita 4.3. Sabufa ikiwa mbali na wewe kuliko spika kwa nusu ya urefu huo zinauana pale pale kwenye makutano, na wewe unadhani besi haitoshi, unaongeza sauti ya sabufa, huku chini inakuwa nyingi na pengo liko vilevile. Na hata zikiwa umbali sawa, filta ya ndani ya sabufa inachelewesha mawimbi, kwahiyo kuweka 0 kwa sababu tu inaonekana ndo kawaida hakuna maana.

Kuipata kwa sikio kuna ujanja. Kilele sikio halikijui vizuri, kimya linakijua haraka sana. Fanya hivi, zima ampu, geuza waya za spika kuu zote mbili, nyekundu iende kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu, za sabufa usiziguse. Kama umezibana pamoja kwenye A basi geuzia kule nyuma ya spika. Washa, piga toni moja ya 60 Hz, au yoyote uliyoweka krosova, sauti ya kawaida tu sio kubwa. Wewe ukae kwenye kochi, mtu mwingine azungushe nobu ya fezi polepole. Kuna mahali toni itadidimia ghafla kama imezimwa. Hapo mwambie aache. Zima ampu, rudisha waya za spika zilivyokuwa, sasa palepale palipokuwa pa kimya ndo panapopiga kwa nguvu zote mbili. Ikididimia kidogo tu bila kuzama, kiwango cha sabufa na cha spika havilingani kwenye hiyo toni, rekebisha sauti ya sabufa urudie.

Ukiwa na kompyuta na maiki ya kupimia kama UMIK-1, programu ya REW ya John Mulcahy ni ya bure na inakuonyesha mstari wote. Maiki ya simu usiiamini huku chini, nyingi zinakata.

---

Fundi_Solda:

Kabla mtu hajamwambia achuje spika kuu, ningependa ijulikane kwamba kwenye ampu yake ni kazi. Kuchuja kwa bei nafuu ni kapasita inayokaa kati ya pri (sehemu ya ampu yenye volyumu) na pawa (sehemu inayosukuma spika). Mfano pawa yenye omu 20,000 upande wa kuingiza, kapasita ya mikrofaradi 0.1 inakupa 80 Hz, inashuka desibeli 6 kwa oktava. Ampu yake hiyo njia imefungwa ndani, hakuna pa kuiweka. Kuna sabufa zenye sehemu za KUTOA waya za spika zikiwa zimeshachujwa, ila hajazitaja, nadhani haina.

Anachoweza ni kuziba lile tundu la nyuma la spika kwa sponji au soksi iliyokunjwa. Spika yenye tundu ikishapita mwisho wake inaanguka desibeli 24 kwa oktava, ukiziba inaanza kupungua mapema kidogo lakini inashuka taratibu, 12 hivi, na kuiunganisha na sabufa inakuwa rahisi. Ukiziba panda na krosova kidogo, 65 mpaka 70.

---

Kona_Nne:

Hizo noti zinazotetemesha dirisha na zingine kupotea hazitaisha kwa nobu wakuu, hicho ni chumba. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, mita 5 inakupa 34 Hz, na mara mbili yake 68 na kitu. Upana wa mita 4 unakupa 43. Hayo ndo masafa ambayo chumba chenyewe kinaimba.

Sasa tazama alipokaa. Kochi limegusa ukuta, na ukutani ndo shinikizo la besi liko juu kabisa kwa 34 na kwa 68. Sabufa iko kwenye kona, kona inaamsha kila kitu chumbani. Hiyo 68 inaangukia karibu kabisa na noti ya C kali (C#), mpiga besi akiipita tu dirisha linaitikia. Wakati huohuo kama amekaa katikati ya upana, ile 43 ya upana kwake ni sifuri, na waya wa E wa gitaa la besi ni 41, jirani kabisa. Kwahiyo noti moja inapiga kelele na nyingine inapungua na wala sabufa haina kosa.

Cha kwanza sogeza kochi mbele. Mita 1 na robo kutoka ukutani kwa chumba cha mita 5 ndo mahali 68 inapokufa, na 34 inapungua kama desibeli 3. Najua sio kila mtu anaweza kuweka kochi katikati ya chumba, hata nusu ya hapo utasikia tofauti. Cha pili itoe sabufa kwenye kona. Ibebe uiweke juu ya kochi pale kichwa chako kinapokaa, piga wimbo wa besi inayotembea, alafu tembea kwa magoti kuzunguka kuta ukisikiliza kichwa kikiwa chini. Pale ambapo noti zote zinasikika sawasawa ndo pa kuiweka. Wakikuona watakushangaa ila inafanya kazi, kwa besi ukibadilishana nafasi na sabufa chumba kinajibu vilevile.

Ukihama sabufa fezi inaanza upya, kwahiyo usihangaike na ujanja wa Desibeli mpaka sabufa imepata makao.

Na huko mbele ukipata ya pili usiziweke pamoja. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya sauti ya Harman, mwaka 2002 alipitia mipangilio mingi ya vyumba vya mstatili, ikaonekana mbili katikati ya kuta zinazotazamana zinakaribia sana kufanya kazi ya nne, na zaidi ya nne hakuna cha maana unachoongeza. Yeye alikuwa anatafuta besi ifanane kwa kila kiti, sio iwe kubwa.

---

Nyuzi_Mbili:

Sawa kwa habari ya koni nimekuelewa, lakini mseto ukiwa mbaya bado nachagua spika mbili bila sabufa, na wengi wenye sabufa mseto wao ni mbaya.

---

Kimya_Kingi:

Wakuu mmenisaidia mno. Mita imesoma sifuri kati ya hasi na hasi, nimehamishia waya zote A. Kochi nimelivuta nilipoweza, sio mita 1 na robo ila limeachana na ukuta. Nimetembea kwa magoti kama Kona_Nne alivyosema, sabufa imeishia ukuta wa mbele lakini ndani kidogo ya spika ya kushoto, kwenye kona ilikuwa inakoroma kabisa. Tundu za spika nimeziba, krosova iko 65 kwa kukadiria maana nobu yenyewe haina alama hapo katikati. Kwenye ile toni na waya zimegeuzwa ilididimia nobu ikiwa imepita nusu, baada ya kurudisha waya mwimbaji yuko katikati na huwezi kusema besi inatoka wapi. Ile C kali bado iko juu kidogo ila haitetemeshi kitu.

Kimebaki kimoja. Nikisikiliza kwa sauti ya chini usiku, besi inakatika katikati ya wimbo, alafu wimbo ukichangamka inarudi kwa kishindo kidogo. Sabufa ina hitilafu au?

---

Fundi_Solda:

Haina hitilafu. Nyuma kuna swichi imeandikwa AUTO na ON, umeiacha AUTO. Inasikiliza kama kuna mawimbi yanaingia, yakiwa madogo kwa dakika kadhaa inajilaza yenyewe. Kwa waya za spika usiku volti zinazopita ni kidogo mno, inadhani umezima. Iweke ON, ukimaliza kusikiliza uizime kwa mkono.

---

Mama_Sahani:

Na hiyo C kali, jaribu kushusha sauti ya sabufa kidogo tu, kiasi ambacho ukiishusha huna uhakika kama umeshusha, alafu iache hivo usiiguse wiki nzima.